Punje za Ufahamu

Si zamani sana, katika nchi isiyopakana na nchi yako wala yangu, watu walikuwa wakizungumza kwa ushirikiano: mmoja alianza neno, wenzake wakalimalizia. Mtoa dawa pale dirishani alisema, "Utameza mara ta…" mgonjwa akaitikia, "tu," akarudi nyumbani ameridhika kabisa, asijue kama ni mara tatu kwa siku au mara tatu kwa mwaka. Spika wa Bunge alisema, "Wanaoafiki waseme ndi…" na ukumbi mzima ukanguruma, "yooo," muswada ukiwa bado umefungwa kwa kamba. Hata bwana harusi aliulizwa, "Unamkuba…" akamalizia, "li," na hapo hapo akawa ameoa.

Ustaarabu huo ulianzia shuleni. Mwalimu alisoma kitabu kwa sauti kuu, akaliacha kila neno la mwisho likining'inia, na darasa likalidaka. Mwalimu mzuri alikuwa yule ambaye darasa lake lilisikika mpaka sokoni. Wauza nyanya walitikisa vichwa wakaambizana, "Leo wanaelewa hao."

Sasa katika nchi hiyo palikuwa na mwalimu kijana aitwaye Siwema Kidawa, aliyejaaliwa kila kitu isipokuwa koo. Chuoni alishinda mitihani yote ya kuandika. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi kwa kupita mbele ya waliokaa. Mkaguzi wa kwanza aliyemtembelea aliandika: "Sauti ya mwalimu haivuki dawati la pili. Wanafunzi wa nyuma wanamalizia maneno kwa kubahatisha."

Mwalimu mpya alipewa miaka miwili ya majaribio. Ikiisha, ama alipata barua ya kuthibitishwa kazini, ama alinyang'anywa darasa. Siwema alikuwa amebakiwa na muhula mmoja. Na darasa lenyewe, la Tano B, lilikuwa limeshamwingia rohoni. Alijua katika watoto wale arobaini na sita ni nani aliyekuja bila uji, ni nani aliyeogopa ubao, ni nani aliyelia akisifiwa. Usiku aliota wamepewa mtu mwingine, akaamka kajikunja.

Basi Mungu, au Wizara, kwa maana katika nchi hiyo tofauti ilikuwa ndogo, ikamkumbuka.

*

Wizara ya Elimu na Utulivu ilikuwa imepeleka ujumbe wa watu kumi na mmoja kwenye mkutano ng'ambo. Kumi walikwenda madukani. Wa kumi na mmoja aliingia ukumbini, akalala, na alipoamka akachukua karatasi aliyoikuta juu ya kiti cha jirani. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba watafiti wamegundua wanafunzi wanaosoma kimya huelewa zaidi. Ukurasa wa pili ulieleza masharti: kitabu kiwe cha kuvutia, mtoto apewe muda, kisha aulizwe ameelewa nini. Huo wa pili ulitumika kufungia sabuni za hotelini.

Waziri, Mheshimiwa Daktari Mabruki, aliusoma ukurasa uliosalimika, au alisomewa, akaenda redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga walituambia debe tupu haliachi kuvuma. Wakaishia hapo, kwa sababu hawakuwa na bajeti. Serikali yenu sikivu imekwenda mbele kuwapita wahenga. Imegundua kwamba debe lisilovuma limejaa. Kuanzia Jumatatu, mtoto yeyote asiyetoa sauti atahesabika kuwa ameelewa."

Ikatoka Waraka Namba Saba. Ufahamu ungepimwa kwa ukimya, na ukimya ungepimwa kwa midomo. Kila mtoto, kabla ya kufungua kitabu, angewekewa punje moja ya mchele juu ya mdomo wa chini. Punje ikianguka, midomo imecheza. Midomo ikicheza, pana sauti. Na penye sauti hapana ufahamu. Baada ya nusu saa punje zilizobaki zingehesabiwa, na hapo ungepatikana ufahamu wa darasa kwa asilimia. Maswali yalipigwa marufuku, maana maswali huvunja ukimya.

Kila shule iligawiwa gunia la mchele wa kupimia. Gunia liliondoka Wizarani likiwa gunia, likafika mkoani likiwa nusu gunia, likafika wilayani likiwa mfuko wa plastiki. Shuleni kwa kina Siwema ilifika bahasha. Ndani mlikuwa na punje hamsini. Mwalimu Mkuu, Bwana Kitwana, alizipokea kwa saini, akazifungia kabatini, na zikawa zinapita darasa hadi darasa, mdomo hadi mdomo. Zilioshwa kila Ijumaa.

*

Jirani, katika Tano A, alifundisha Mwalimu Nguvumali, mtu wa kifua kipana ambaye zamani aliwahi kuvunja kioo cha dirisha kwa neno "uhuru". Waraka haukumtisha. Aliwapanga watoto wake kama masufuria rafuni, akagonga kengele kila dakika mbili, na kwa kila kengele darasa lilifunua ukurasa. Vitabu alivigeuza juu chini.

"Kikiwa wima mtoto hushawishika kusoma," alimweleza Siwema. "Akisoma, midomo inacheza. Mimi wangu wanatulia kama nazi. Asilimia tisini na sita."

"Na hizo nne, kaka?"

"Wawili walimeza punje. Njaa hiyo, si ujinga."

Siwema kwa upande wake alikuwa na kasoro kubwa: aliuelewa waraka vile ulivyoandikwa. Alidhani ili mtoto asome kimya, lazima kwanza asome. Kwa wiki tatu alipita dawati kwa dawati, akiinama, akiwafundisha kuufuata mstari kwa njiti ya ufagio, kulikisia neno gumu kwa kutazama majirani zake, kurudi nyuma pale maana inapokatika. Kwa kazi hiyo sauti ndogo ilitosha. Ilifaa hata zaidi. Kisha, kila baada ya nusu saa, punje zikishakusanywa, aliwanong'oneza: "Haya, niambieni kwa maneno yenu. Kumetokea nini humo?"

Mwanzoni hakuna aliyejibu. Hawakuwahi kuulizwa swali lenye zaidi ya silabi moja ya kujibu.

Kitabu chao kilikuwa kile kile cha nchi nzima, *Mlezi wa Taifa Alivyokuwa Mtoto Kama Wewe*. Kilitungwa na kamati ya watu tisa. Kila mmoja alifungiwa katika chumba chake na sura yake, ili asiibe sifa za mwenzake. Kilikuwa kimeimbwa madarasani kwa miaka ishirini na miwili. Siwema mwenyewe alikimalizia utotoni, neno kwa neno, sauti yake ikiwa chini kabisa ya sauti za wenzake.

Jumatano moja, darasa likiwa kimya kabisa, msichana wa dawati la mbele aitwaye Chausiku alirudi kurasa kadhaa nyuma, akaenda tena mbele, akatabasamu. Punje yake ikaanguka. Kisha ikaanguka ya jirani yake. Siwema akasikia tip, tip, tip, kama mvua inayojaribu bati, na kabla hajafika katikati ya chumba watoto walikuwa wamelaza vichwa juu ya madawati wakicheka mpaka machozi.

"Kuna nini, wanangu?"

"Mwalimu," alisema Chausiku akijipangusa macho, "ukurasa wa nne unasema Mlezi wa Taifa alitembea pekupeku mpaka alipomaliza shule, kwa kuwa hakuwahi kuwa na viatu."

"Ndiyo, mama."

"Ukurasa wa kumi na tisa unasema alipokuwa darasa la tatu alikutana njiani na mtoto maskini, akavua viatu vyake akampa."

"Ndiyo."

"Vya nani, mwalimu?"

Siwema akafungua kitabu. Akasoma ukurasa wa nne, akasoma wa kumi na tisa. Alikuwa ameyatamka maneno yale mara mia utotoni, na ilikuwa mara ya kwanza kukutana nayo.

"Mimi najua," akasema Mbaraka, mtoto mnene aliyekaa dirishani. "Vilikuwa vya yule maskini. Alimvua kwanza, halafu akampa."

Darasa likaanguka tena. Siwema akajifunika mdomo kwa kitabu cha Serikali. Alicheka kidogo, kisha akaogopa sana.

*

Bwana Kitwana alimwita ofisini.

"Siwema, binti yangu, nimesikia kicheko. Na kicheko si cha kumalizia neno. Nimekipima kwa sikio langu."

"Walielewa kitu, mzee."

"Walielewa nini?"

"Ukitazama ukurasa wa nne, halafu ukurasa wa…"

Mwalimu Mkuu akafumba macho kama mtu aliyemwagikiwa sabuni. "Usinionyeshe. Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nataka nistaafu sijui kitu." Alipapasa juu ya meza mpaka akaipata bahasha ya kaki. "Sasa sikiliza. Alhamisi ijayo Waziri anakuja mwenyewe kupima. Barua yako ya kuthibitishwa ni hii, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi yake. Punje zikibaki, Tano B ni yako. Zikianguka, Nguvumali anayachukua madarasa yote mawili. Koo analo."

"Nifanye nini, mzee?"

"Gundi ipo."

"Watashindwa kula mchana."

"Basi wageuzie vitabu juu chini, kama wenzako."

Siwema akatazama chini. "Siku hizi wanasoma hata vikiwa juu chini."

Mwalimu Mkuu akaendelea kufumba macho kwa muda mrefu, safari hii kwa huzuni.

Kesho yake Siwema aliwaambia watoto kweli tupu, kwa kuwa uongo nao ulihitaji sauti. Aliwaambia habari ya barua. Aliwaomba, siku ya wageni, wasiusome ukurasa wa kumi na tisa. Walimsikiliza kwa makini, na Chausiku akauliza kwa niaba ya wote kama itakuwa dhambi kuufunua pamoja na ule wa kabla yake. Siwema akasema haitakuwa dhambi. Itakuwa adabu.

*

Alhamisi ukafika msafara wa magari saba. Alishuka Waziri, na nyuma yake Mkaguzi Mkuu wa Midomo, Bwana Pazi, aliyevaa glavu nyeupe na kubeba kibano cha chuma juu ya mto mdogo wa hariri. Mbele ya darasa Waziri alitoa nasaha.

"Watoto wangu, taifa hujengwa na watu wanaojua kunya…"

"Maza," wakaitikia walimu, wazazi, madereva na polisi wawili.

Bwana Pazi akazipandisha punje mdomoni kwa kila mtoto, mmoja mmoja, akishikilia pumzi. Zilipofika arobaini na sita, mpiga picha wa gazeti akasema ingependeza sana Mheshimiwa akionekana naye anasoma pamoja na taifa la kesho. Mheshimiwa hakupinga jambo lililokuwa la kupendeza. Akajibana kwenye dawati kando ya Mbaraka, magoti yakamfika kidevuni, akawekewa punje ya arobaini na saba, akafunguliwa kitabu.

Kikaanza kimya. Siwema alisimama ukutani, mikono nyuma, akihesabu kurasa kwa macho. Sita. Kumi. Kumi na nne. Walipofika ile sehemu, watoto wote arobaini na sita walibana karatasi mbili kwa kidole na gumba wakazifunua kwa pamoja, na punje hazikutikisika. Akashusha pumzi.

Tatizo lilikuwa yule wa arobaini na saba. Waziri alikikagua kitabu kile alipokuwa Katibu, akakizindua alipokuwa Naibu, akakisifia katika hotuba zisizo na idadi. Lakini hakuwahi kuachwa naye peke yao. Picha zilikwisha zamani, na kusimama asingeweza, maana dawati lilikuwa limemng'ang'ania. Kwa kukosa la kufanya, akasoma. Siwema alimwona akifika ukurasa wa kumi na tisa. Akamwona anasimama hapo. Akamwona anarudi nyuma, polepole, mpaka wa nne, uso umekunjamana kama wa mtoto aliyekwama kwenye hesabu.

Mbaraka naye alimwona. Na Mbaraka alikuwa na moyo mwema. Hakuweza kumwacha mwenzake wa dawati ahangaike. Wiki za mchele zilikuwa zimewafundisha watoto wale kusema bila kuchezesha midomo hata kidogo. Punje yake ikiwa imetulia palepale, alinong'ona:

"Vilikuwa vya yule maskini. Alimvua kwanza, halafu akampa."

Waziri alicheka. Hakikuwa kicheko cha itifaki. Kilitoka chini, tumboni, mahali ambapo hotuba hazifiki, kikalitingisha dawati, kikaurusha mchele wake mpaka kwenye kiatu cha Bwana Pazi. Watoto arobaini na sita wakamtazama kwa huruma, wakamtazama na mwalimu wao, na hakuna aliyecheka.

Bwana Pazi akahesabu mara tatu. Aliyefeli alikuwa mmoja tu. Akaandika: "Punje ya Mheshimiwa haikuanguka. Ilishuka kwa hiari."

Lakini Waziri alikuwa amekoma kucheka, na alikuwa anamtazama mpiga picha.

*

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu fomu ilibuniwa hapo hapo, ikapigwa chapa wino ukiwa haujakauka: Fomu ya Tukio la Ufahamu. Wakaiweka mbele ya Siwema. Kushoto ilikuwa bahasha ya kaki, imefunguliwa, barua imechungulia.

"Kosa hili lina mwenyewe," alisema Waziri, akikwepa macho ya kila mtu. "Lina mtoto aliyelianza. Mstari wa kwanza: jina la wa kwanza kuelewa. Andika, atapelekwa kwenye shule ya kurekebishwa, na mimi natia sahihi barua yako. Ni jambo la dakika mbili, dada."

"Andika, binti yangu," alisihi Bwana Kitwana, bado kafumba macho.

Siwema akaitazama barua. Ilikuwa na jina lake kamili, na chini yake "Darasa la Tano B", yamepigwa chapa bila kosa. Aliitazama kwa muda kama mtu anayeagana na jamaa. Kisha akashika kalamu, akaandika.

Waziri akapindua fomu akasoma. "Siwema Kidawa. Hili jina lako. Nimesema mtoto."

"Nilikisoma nikiwa mtoto, Mheshimiwa. Nilichelewa tu kuelewa."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi, Mheshimiwa." Sauti yake ilikuwa ndogo mno hata ikabidi wote wainame kumsikia. "Ila mstari wa pili unataka jina la aliyefuata kuelewa. Watoto punje zao zilibaki zote. Bwana Pazi ni shahidi. Iliyoshuka ni moja. Niandike jina la Mheshimiwa kwa kirefu, au kwa kifupi?"

Hakuna aliyemalizia sentensi hiyo. Bwana Pazi akajishughulisha na glavu zake. Waziri akaichukua fomu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Halafu akaichukua barua, akaikunja vivyo hivyo.

Jioni ile redio ikatangaza Waraka Namba Nane. "Majaribio ya kina," alisema msomaji, "yamethibitisha pasipo shaka kwamba kusoma kimya kunasababisha ufahamu. Kwa sababu hiyo kumepigwa marufuku."

*

Jumatatu Siwema alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, mkoba magotini, akingoja barua yake ya uhamisho imalizwe kupigwa chapa. Alipelekwa katika shule ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Kiwanja, alihakikishiwa, kilikuwa kimeshachaguliwa, na angetakiwa kuripoti hapo kila siku saa moja na nusu asubuhi.

Ukuta wa ofisi ulipakana na Tano B. Upande wa pili Mwalimu Nguvumali alikuwa ameanza kazi.

"Mlezi wetu alipokuwa darasa la ta…"

"Tu," wakaitikia watoto.

"Alikutana njiani na mtoto masi…"

"Kini."

Siwema aliinamisha kichwa. Walikuwa wanajibu vizuri, kwa pamoja, kama watoto wa darasa lolote. Akajiambia ndivyo inavyofaa, watakuwa salama. Macho yakamchoma kidogo.

"Akasikitika, akavua via…"

Hakuna aliyejibu.

"Nimesema, akavua via…"

Benchi lilitetemeka kwa ile sauti. Kutoka darasani haikuja silabi. Wauza nyanya sokoni, waliozoea kelele za asubuhi, waliacha kupanga mafungu wakageuka kutazama upande wa shule.

"Mmekufa humu ndani? Akavua via…"

Ndipo ikasikika sauti moja, ya msichana, tulivu na yenye adabu.

"Vya nani, mwalimu?"

Siwema aliinua kichwa. Alingoja bakora. Alingoja kioo kivunjike. Kimya kikaendelea, kikarefuka, kikawa kirefu kuliko kimya chochote kilichowahi kupimwa na Serikali. Kisha, kupitia ukutani, akasikia karatasi zikifunuliwa, moja baada ya nyingine, polepole: Mwalimu Nguvumali alikuwa anarudi ukurasa wa nne.